Cherehani Kilichofunikwa Kitambaa

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: mafuta ya cherehani, mkaa wa pasi, na kabichi zilizoanza kuchacha juu ya mkokoteni. Ilikuwa asubuhi, Kariakoo, si mbali na Msimbazi. Vijana wawili walikuwa wamekinyanyua cherehani cha Mzee Lipande na kukipakia kwenye pikapu. Mwenyewe amesimama kando, mkasi mkononi, anawaambia asanteni. Na mimi, niliyekuwa chanzo cha yote yale, nimekaa kwenye kigoda changu na kopo la vifungo mapajani.

Lakini nimeanzia katikati. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nataka uelewe vizuri. Shule niliishia darasa la saba, na mengi niliyojua baadaye niliyapata kwenye baraza lile.

Mimi ni mtoto wa watu wa kusini. Baba yangu alitoka Newala akaja kubeba mizigo bandarini, nasi tukazaliwa hapa hapa mjini. Nilipomaliza shule nikapata kazi barazani pa duka moja la nyuzi na zipu: kushona vifungo, kutoboa matundu yake, kupiga pasi nguo zilizokwisha kushonwa. Nilikuwa msichana wa kucheka hovyo, na ndoto zangu zilikuwa nyingi kuliko vifungo kwenye kopo. Wiki hii nitakuwa rubani, wiki ijayo nitafungua kiwanda cha mashati. Mzee Lipande, fundi niliyekaa naye baraza moja, akanipa jina la Mama Kiwanda. Ananiita mbele ya wateja: "Mama Kiwanda, kabla hujaajiri watu, nitungie uzi kwenye sindano. Macho yamegoma." Nami namtungia, huku namwahidi kwamba nikifungua kiwanda yeye atakaa ofisini anakunywa chai tu. Anasema sawa, lakini chai iwe na tangawizi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Wewe hukuikuta. Kabla ya hapo tulipanga foleni ya sabuni, tukapanga foleni ya khanga, na ukiona foleni unaingia kwanza ndipo unauliza kinauzwa nini. Kisha milango ikafunguliwa. Redio, pasi, feni, vitambaa vya kila rangi, vyote vikashuka bandarini na kupanda Kariakoo. Ikashuka na mitumba pia, mafurushi kwa mafurushi, na mafundi wa nguo wakaanza kutazamana. Nani atashonesha shati wakati shati la mtumba linaning'inia pale, limeshashonwa?

Mwenye duka alikuwa Mhindi mmoja mpole, na familia yake ikiishi ghorofani juu ya duka. Binti yake aliitwa Nirmala. Alikulia pale pale juu yetu. Sare zake zote za shule alizishona Mzee Lipande. Kila Diwali alitushushia sahani ya vitamu barazani, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kabisa, ungefumba macho usingejua nani anaongea. Alisoma, akasoma tena, akawa mwalimu wa mambo ya biashara chuo kikuu. Wakati huo alikuwa bado mchanga kazini, hajawa profesa. Sisi vijana tulimwita Dada Nirmala.

Nilimuuliza siku moja anafundisha nini hasa. Akakaa kwenye ngazi ya duka, akanieleza bila haraka. Alisema anachunguza mashine mpya zinavyoingia kwenye kazi za watu: nani anazichagua, nani anazibadilisha zimfae, na kwa nini mashine moja inageuza kazi yote wakati nyingine inakaa tu. Wakubwa zake chuoni walitaka aende kwenye viwanda vikubwa vyenye moshi. Yeye akasema ataanzia barazani kwa mafundi. Walimcheka, lakini wakampa nafasi ajaribu.

Bahati ikamwangukia, au tulidhani hivyo. Kulikuwa na mradi mmoja wa kuwasaidia mafundi wasizidiwe na mitumba. Mradi ule uligawa vyerehani vya umeme, vipya, bure kabisa, kwa mafundi wa Kariakoo. Baada ya miezi kadhaa, wenye mradi wakamwomba Dada Nirmala atazame vimewasaidiaje, kisha asome ripoti mbele ya kamati ya watu wa mradi na wakubwa zake wa chuo. Ripoti ile ndiyo ingeamua kama amewiva kupandishwa cheo.

Sasa, yeye ana wanafunzi wa kufundisha, hawezi kuzunguka mitaa yote. Akaniambia, "Zuhura, wewe mafundi wote wanakujua. Nizungukie." Akanipa karatasi za maswali, penseli mbili na kibao cha kuandikia. Mwanangu, nilivyotembea siku ile ungedhani mtaa wote nimejengewa mimi. Mzee Lipande akanipigia saluti.

Swali la saba liliuliza hivi: Je, cherehani cha umeme kinatumika? Ndiyo, au Hapana. Weka alama.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Nilifika kwa mama mmoja fundi, jirani wa nyumbani kwetu. Cherehani cha umeme kimefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, na juu yake pana redio. Nikamuuliza swali la saba. Akacheka kidogo, akarekebisha kitambaa, akasema, "Tunashukuru, mwanangu. Kinafanya kazi." Nikatazama kitambaa. Nikamtazama yeye, alivyokuwa akisubiri nione haya kwa niaba yake au nimsitiri. Nikaweka alama kwenye Ndiyo.

Unajua kwetu mtu akikupa kitu, humwambii usoni hakikufai. Unashukuru, unakiweka mahali pa heshima, akija anakiona kinang'aa. Mafundi wale wote walifanya hivyo. Mmoja alikuwa nacho bado ndani ya boksi lake, chini ya kitanda, eti kisipate vumbi. Mwingine alikifanya meza ya kupigia pasi. Wote wakashukuru, wote wakasema kinafanya kazi. Nami, kwa moyo wangu huu laini, niliwaonea huruma. Niliona kama nikiandika Hapana ni sawa na kuandika: huyu ameshindwa, huyu mshamba, huyu hakustahili. Watu ninaowaita baba na mama. Basi Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo, mpaka penseli ya kwanza ikaisha ncha.

Tena kulikuwa na jambo jingine, nalisema ingawa halinipendezi. Dada Nirmala alifurahi kila nilipomletea karatasi. Nilipenda afurahi. Nilijiona namjengea cheo chake kwa alama zangu.

Na Mzee Lipande je? Cha kwake nilikuwa nakiona kila siku, hakunificha. Yeye alikifungua. Alitoa mota akaitia kwenye kopo la maziwa, akakichukua kile kichwa kipya chenye sindano akakifunga juu ya meza yake ya zamani ya kukanyaga kwa miguu, na mkanda wa ngozi ukazunguka kama kawaida. Kwa hiyo alikuwa na kichwa cha umeme kinachoendeshwa kwa miguu. Alipojua kwamba maswali yanakuja, alikifunika kitambaa na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mama Kiwanda, usije ukaniumbua kwa mtoto wa mwenye duka. Nimemshonea sare tangu hajaota meno ya mbele. Akijua nimeharibu mashine ya watu nitamtazama vipi?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikaweka Ndiyo. Nikajiambia hata siyo uongo, mbona kinashona.

Dada Nirmala akajumlisha karatasi zangu, akaandika ripoti yake nzuri: karibu kila fundi anakitumia. Wenye mradi waliposikia habari hiyo, hata hawakungoja kamati ikae. Walipanga awamu ya pili, na ikawa hivi: fundi alete cherehani chake cha miguu, apewe cha umeme cha pili. Vile vya miguu wavipeleke mikoani. Si vya umeme vimeshapendwa? Pikapu ikaanza kupita siku moja kabla ya kamati, na baraza la kwanza likawa letu.

Sasa umefika pale nilipoanzia.

Mzee Lipande hakukataa. Hilo ndilo lililonimaliza. Alitoa uzi, akatoa sindano akaichomeka kwenye kola ya shati lake, akaifuta meza kwa kiganja kana kwamba anampangusa mtoto uso, akasema kichukueni, asanteni. Vijana wakakipakia. Kisha akaja akakaa kwenye kiti chake, mbele yake patupu, miguu yake miwili imetulia sakafuni. Akanigeukia, hana hasira hata chembe.

"Mama Kiwanda," akasema, "sasa nitakanyaga nini?"

Niliangusha kopo. Vifungo vikatawanyika baraza zima, nami nikapanda ngazi za ghorofani mbili mbili. Nilimkuta Dada Nirmala mezani na wazazi wake, chai mkononi, karatasi za ripoti zimepangwa pembeni tayari kwa kesho. Sikusalimia mtu. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: redio juu ya kitambaa, boksi chini ya kitanda, mota kwenye kopo la maziwa. Nikamwambia kila Ndiyo aliyoisoma niliiandika mimi, siyo wao.

Aliweka kikombe, akashuka miguu mitupu vile vile, mimi nyuma yake. Pikapu ilikuwa bado haijafika kona. Mbele yake mkokoteni wa kabichi ulikuwa umekwama, mwenye mkokoteni na dereva wanatukanana kwa utaratibu, kila mmoja anamsubiri mwenzake amalize. Dada Nirmala akashika ubavu wa pikapu akasema kile cherehani kishuke. Vijana wakamwambia wametumwa. Akawaambia kilichowatuma ni ripoti yake, na ripoti yake ni ya uongo. Alisema hivyo barabarani, kila mtu anasikia.

Kilipokwisha kurudishwa barazani, alikitazama kwa muda mrefu. Akachuchumaa, akatazama chini ya meza, akafuata mkanda kwa kidole. Akamuuliza Mzee Lipande kwa nini alifanya hivi. Kwanza mzee aliomba radhi. Akaambiwa hapana, si radhi, nieleze. Basi akaeleza, na alipoanza hakunyamaza. Umeme wa mgao, leo upo kesho haupo. Soketi iko ndani dukani, na akikaa ndani nani atamwona? Mteja wa Kariakoo anasimama kwa kuona mikono ya fundi inavyokwenda. Akivuta waya mpaka barazani, wachukuzi watajikwaa. Na mota ina haraka. Kwenye kola unataka kwenda polepole, mguu ndio unaojua. Lakini kichwa kile kipya kina mshono wa zigizaga, na ule unafunga ukingo wa kitambaa, sare ya mtoto haichaniki. "Huo niliutaka," akasema. "Kwa hiyo nikachukua kilichonifaa."

Dada Nirmala akakaa sakafuni kabisa, katikati ya vifungo vyangu. Alikuwa anacheka na macho yana machozi. Akanigeukia mimi. "Na wewe ulikuwa unakiona hiki?"

"Kila siku."

"Kila siku. Mimi nimesoma mpaka nje ya nchi kutafuta kitu kama hiki, na kiko chini ya chumba ninacholala, na wewe umekiwekea alama ya Ndiyo."

Nilianza kulia. Alinisubiri nimalize, kisha akanipa maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Zuhura, nilikutuma uniletee macho yako. Ukaniletea adabu yako. Adabu ninayo nyumbani, mama yangu alinifundisha. Macho yako ndiyo sina." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba kosa si langu peke yangu, swali lenyewe liliulizwa vibaya. Ukimwuliza mtu Ndiyo au Hapana kuhusu zawadi, umeshamjibia.

Siku ile tulizunguka wote wawili mpaka jioni, tukarudi kwa kila fundi. Hatukuuliza kama kinatumika. Dada Nirmala alisema tu, "Shikamoo. Naomba unionyeshe unavyofanya kazi." Akaketi. Akasubiri. Ungeona watu walivyofunguka. Yule mama wa redio alitoa kitambaa mwenyewe, akasema kwa kweli mwanangu hiki kinanitisha, kinakimbia kama mbuzi aliyekatika kamba. Kulikuwa na mafundi wengine waliofanya kama Mzee Lipande, kila mmoja akidhani yeye ndiye mwizi peke yake. Na alikuwepo mama mmoja mwenye chumba chenye umeme ambaye alikitumia vizuri sana na alikuwa anakingojea cha pili kwa hamu.

Kesho yake alikwenda mbele ya kamati bila ile ripoti. Alimchukua Mzee Lipande na cherehani chake, na mimi nikasimama mlangoni. Aliwaambia aliyokuwa ameandika si kweli, na kwamba yeye ndiye aliyekosea, aliuliza vibaya. Jina langu halikutajwa. Nilisubiri alitaje; halikutajwa. Mzee mmoja wa kamati akamwuliza Mzee Lipande kwa ukali nani alimruhusu kufungua mashine ya mradi. Mzee Lipande akafikiri. "Si nilipewa?" akasema. "Ukinipa kitu, mimi nakitumia."

Pikapu haikupita tena. Mafundi walibaki na vyerehani vyao vya miguu. Lakini nisikudanganye kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Mradi ulifungwa, na yule mama mwenye chumba chenye umeme hakupata cha pili. Kwa muda mrefu nilipomwamkia alijifanya anatafuta kitu mkobani. Na cheo cha Dada Nirmala kilikwenda kwa mwenzake. Alirudi nyumbani akasema tu, "Haya, tuanze upya," akaniletea kibao kingine. Nilidhani amekuja kuniaga. Alikuja kunipa kazi.

Nilifanya naye kazi miaka yote iliyofuata, mwanangu, mpaka anastaafu. Aliandika juu ya Mzee Lipande na mkanda wake, na maandishi yale yakasomwa mbali, na safari hii hakuna aliyecheka. Tulikwenda kwa mafundi redio, kwa wapiga chapa, kwa mawakala wa bandarini kompyuta zilipoingia na wao wakaendelea kuandika kwenye daftari kubwa pembeni. Mtaani wanafunzi wake wenye shahada walinifuata mimi wa darasa la saba. Kila kundi jipya aliliambia jambo moja: kabla hujauliza mashine gani inafanya kazi, omba uonyeshwe iliyolala, na uwe na heshima nayo, maana iliyolala ina maneno mengi. Akawa Profesa. Mimi kiwanda sikufungua. Mzee Lipande alinidai chai ya tangawizi mpaka anafariki, Mungu amrehemu, na wiki zake za mwisho nilimpelekea thermosi kila jioni.

Sasa nakwambia wewe. Huenda nawe utapewa kibao siku moja, siku hizi ni simu, uzunguke kuuliza watu maisha yao. Au utakuwa daktari, au mwalimu, au mkubwa wa ofisi unayeletewa habari na wengine. Kuwa na huruma, usiache hata siku moja. Lakini huruma isikushike mkono ukaandika kisichokuwepo. Ukimficha mtu ugumu wake, umemnyima msaada wake, na pengine umeificha akili yake pia, kama nilivyoificha ya Mzee Lipande. Uliza kwa namna ambayo mtu hataona aibu kukujibu. Keti kwanza. Sema naomba unionyeshe. Na ukikosea, panda ngazi mbili mbili ukaseme, kabla pikapu haijafika kona. Na wewe ukiwa mkubwa na mdogo wako amekosea, kumbuka kuna mtu aliwahi kusema "niliuliza vibaya" na hakutaja jina.

Profesa bado anakuja kwangu Jumapili. Amezeeka, anapumzika kila ngazi ya pili. Juzi aliniuliza kama ile simu kubwa mliyoninunulia naitumia. Nikamwambia namshukuru Mungu, inafanya kazi. Akanitazama. Akasema, "Zuhura, naomba unionyeshe."

Imo kabatini, mwanangu. Nimeifunika kitambaa. Njoo ukae nami unifundishe polepole, nami nitakuambia pale inaponishinda, sitakusitiri.

Mungu akupe macho mazuri na moyo usioyafumba. Akuzungushie watu wa kukwambia ukweli huku wanakumiminia chai. Amina.